Shangazi, Majaji wa Asia na Mimi

Jumatatu, 3 Machi

Nimekata kauli. Naituma.

Dirisha la maombi limefunguliwa leo. Tamasha la filamu kule Asia, lile kubwa, lenye zulia jekundu na majaji wa miwani. Siku ya mwisho ni Jumamosi ya tarehe 15. Muda wa kutosha kabisa. Asubuhi nimefagia studio, nimepangusa kompyuta, nimeangalia hali ya hewa ya kule. Mawingu. Itabidi koti.

Mchana nimekata kauli nyingine. Situmi.

Si woga. Hili lieleweke, japo daftari hili hakuna anayelisoma. Mtu anayepiga video za harusi kwa riziki yake, halafu akatengeneza filamu yake mwenyewe, yenye kisa, yenye majonzi, huyo hana woga. Ana mkakati. Mwaka juzi sikutuma kwa sababu mashine ya kukaushia nywele ilisikika kwenye sehemu ya huzuni. (Studio yangu ni chumba cha nyuma cha saluni ya mke wangu.) Mwaka jana sikutuma kwa sababu walibadilisha mkuu wa majaji, na huyo mpya nilimwona kwenye picha, hacheki. Mwaka huu sijapata sababu bado, lakini naisikia inakuja.

Filamu inaitwa Kiti cha Dirishani. Ni fupi. Mama mmoja anakaa dirishani akimsubiri mwanawe aliyekwenda mbali. Anasubiri weee, mwisho anafia palepale kitini. Basi. Mama huyo ameigizwa na Shangazi yangu, dada yake marehemu baba, aliyenilea tangu natambaa. Hakuna aliyeiona zaidi yangu. Mke wangu hajaiona. Shangazi mwenyewe hajaiona. Sababu ni sharti la tamasha, nililolisoma kwa macho yangu haya mawili: onyesho la kwanza duniani liwe kwao. Jicho lolote likitangulia, kwisha kazi.

Jioni Shangazi alipita. Akauliza, kwa ule upole wake, kama siku ya kuiona imekaribia. Nikamwambia avute subira, mambo ya sanaa hayakimbizwi. Akasema sawa. Alipofika mlangoni ndipo akatoa lililomleta. Kwenye kikundi chao cha ushonaji, Katibu amemtania mbele ya wenzake. Kasema hata yeye Katibu amecheza filamu, ila yake imefichwa mwezini. Wakacheka mpaka cherehani zikasimama. Shangazi amewasimulia wenzake hao kwa muda mrefu kwamba yeye ni mwigizaji, na hana hata kipande cha kuonyesha.

Nikamwambia huo ni wivu. Akasema labda.

Jumanne, 4 Machi

Siku ya hatari. Droni kaingia studio.

Droni ni mpiga video mwenzangu, kama neno mwenzangu linamfaa. Watu wamempa jina hilo tangu anunue kamera ya kuruka. Tangu hapo harusi zote nono zinakwenda kwake, ingawa mwezi uliopita kamera yenyewe ilitua ndani ya keki na mpaka leo anasingizia upepo. Alidai amekuja kuazima betri. Macho yalikuwa kwenye skrini yangu. Na pale kwenye skrini faili la filamu limekaa wazi, na jina lake kamili.

Akauliza kama hiyo ndiyo ile ya Asia. Nikajitia sisikii. Akasema hata yeye anafikiria kutuma kitu. Alisema hivyo huku anajikuna, kama mtu anayefikiria kununua nyanya.

Alipoondoka nilifanya jambo la akili kuliko yote niliyofanya mwaka huu. Nilibadilisha jina la faili. Sasa linaitwa Harusi ya Daktari wa Meno, Mapokezi. Nimelichomeka kwenye folda ya harusi hiyo, katikati ya mafaili mengine ya harusi hiyo. Mwizi akifungua ataona maua na watu wanacheza, ataenda zake. Nani ataiba harusi ya daktari wa meno? Daktari mwenyewe amechoka kuiulizia.

Harusi ile sitaki hata kuikumbuka. Mama mkubwa wa bi harusi alikuwa ni huyohuyo Katibu wa kina Shangazi, mwalimu mkuu mstaafu, na siku nzima alinipanga kama mwanafunzi aliyechelewa. Simama hapa. Usipige watu wakitafuna. Kata hiyo. Nikawa nakata.

Alhamisi, 6 Machi

Naituma. Safari hii hakuna kurudi nyuma.

Nilianza kujaza maombi yao kwenye kompyuta. Jina la filamu, tayari. Urefu, tayari. Wakataka maelezo ya mwongozaji. Nikaanzia utotoni, nikaeleza nilivyoanza kuuelewa mwanga nikiwa mgongoni kwa Shangazi, nikafika kurasa kadhaa. Ikakataa. Kumbe wanataka mistari tu. Nikapunguza. Ikakataa. Nikapunguza tena, mpaka ikabaki kwamba nilizaliwa na kwamba napiga video. Ikakubali. Niliumia.

Chini yake kulikuwa na kisanduku cha kutia tiki: filamu hii haijawahi kuonyeshwa popote. Hapo nikatabasamu. Hapo hawanipati. Nikatia tiki kwa raha zangu.

Halafu kikafuata kitufe cha kutuma. Nikakitazama kwa muda. Nikaenda kuchemsha chai.

Mke wangu aliingia kuchukua taulo, akanikuta na kikombe. Akauliza kama nimetuma. Nikamwambia naiacha ipoe kwanza. Akasema, huku anakunja taulo bila kunitazama, kwamba jana Shangazi hakwenda kikundini. Shangazi, ambaye hajakosa Jumatano hata alipokuwa na homa. Anashona nyumbani peke yake, eti magoti. Mke wangu hayaamini hayo magoti. Akauliza kwa nini nisimwonyeshe tu hapahapa studio, mlango ukiwa umefungwa.

Nikamweleza sharti. Akasema Shangazi si dunia. Nikamwuliza kama Shangazi hayupo duniani yuko wapi. Akatoka na taulo zake.

Jioni nikapita kwa Shangazi. Alikuwa anapindia pazia la mteja. Nikamwuliza magoti, akasema yapo. Nikamwuliza kama amenikasirikia. Akasema hapana, mwanangu, angependa tu kujua kama alikufa vizuri. Siku ile tulipopiga sehemu ya kufa nilimwambia imetosha, lakini sikumwambia kama ilikuwa nzuri.

Ilikuwa nzuri, Mungu anajua. Nililia nyuma ya kamera, nikasingizia dawa ya nywele.

Sikumwambia. Ukimsifu mwigizaji mapema anaharibika. Kitufe bado sijakibonyeza.

Jumamosi, 8 Machi

Kule mvua. Hapa jua. Siku njema ajabu.

Nimeamua nijisafishe na kazi za watu kabla sijawa mtu mkubwa. Nimeimaliza harusi ya daktari wa meno. Folda nzima nimeitia kwenye flashi, flashi nimeitia kwenye kiboksi, kiboksi nimekifunga utepe. Nimekipeleka mwenyewe kliniki. Daktari alikuwa na mgonjwa kitini, mdomo wazi, pamba zimejaa. Alishtuka kuniona. Alisema alishakata tamaa, rafiki yake mmoja alipata video ya harusi siku mtoto alipoanza kutembea. Nikamwambia wapo wapiga video na wapo wasanii.

Amefurahi sana. Kesho ukoo wa pande zote mbili unakuja kwake kuitazama pamoja. Nimemtakia kila la heri.

Jumapili, 9 Machi

Mke wangu ameniambia niandike nikishatulia. Sijatulia.

Daktari alipiga simu alasiri. Sauti ya chini, ya msibani. Akanipa pole. Nikamwuliza pole ya nini. Akasema ya mama. Nikamwambia mama yangu alifariki nikiwa mchanga, kwa hiyo amechelewa kidogo. Akasema hapana, huyu mama wa dirishani.

Nilikaa chini. Kiti hakikuwepo.

Mambo yalikuwa hivi. Sebule ilijaa. Wakatazama maandalizi, wakatazama kiapo, wakafungua Mapokezi. Akatokea mama mtu mzima kakaa dirishani. Wakawasubiri maharusi. Baba wa bi harusi akawatuliza, akasema video za siku hizi ndivyo zilivyo, zinaanza na hadithi. Wakasubiri. Mama akachemsha maji, akaligombeza birika, akarudi dirishani. Mjomba mmoja akasema huyo bila shaka ni mgeni aliyeachwa na gari. Kufika katikati hakuna aliyekuwa anawakumbuka maharusi, hata maharusi wenyewe. Alipokufa, mama mzazi wa daktari aliangua kilio, na daktari akatoka nje kupunga hewa. Sasa wanaomba kujua amezikwa wapi, wapeleke rambirambi.

Nikamwambia hajazikwa. Ni Shangazi yangu, yuko hai, anapindia mapazia.  Halafu nikamsikia akiwatangazia wenzake, na sebule nzima ikapiga makofi.

Makofi! Onyesho la kwanza duniani la Kiti cha Dirishani limefanyika kati ya kabati la vyombo na kreti la soda. Ulinzi wote ule. Na kwenye kochi la mbele kabisa, anasema daktari, alikaa mama mkubwa wa mkewe. Katibu.

Mke wangu aliuliza jambo moja tu, kama waliipenda. Nikamwambia hilo si swali la kuuliza wakati huu.

Jumatatu, 10 Machi

Nimeamka na mpango.

Hoja yangu ni hii. Filamu imeonyeshwa pale mtu anapojua kwamba anatazama filamu. Watu wale walijua wanatazama harusi. Kwa hiyo, kisheria, waliona harusi ndefu yenye msiba. Kilichobaki ni kuwaziba midomo mpaka Jumamosi, nitume, tiki yangu ibaki halali.

Nilianza na daktari. Nikamwahidi albamu ya picha kwa ajili ya usumbufu. Akasema hana neno, ataongea na ukoo. Mgonjwa aliyekuwa kitini naye akaitikia kwa kichwa, ingawa sikumwomba.

Katibu hakunisubiri nimfuate. Alikuja mwenyewe, akapita katikati ya wateja wa mke wangu, akasimama mbele ya meza yangu. Akasema amemkosea Shangazi. Jumatano atasimama mbele ya kikundi kizima aseme hivyo, na aeleze alichokiona. Anasema hajaona mtu akisubiri namna ile tangu dada yake alipokuwa akimsubiri mwanawe.

Nikamwomba asiseme. Nikamweleza Asia, majaji, sharti, tiki. Akabaki amekunja mikono. Ndipo nikatoa silaha ya mwisho: nikamwambia akifungua mdomo Jumatano, filamu haitapokelewa, na atakuwa amemnyima Shangazi heshima yake kwa mara ya pili. Hapo alinywea. Akaniuliza kama Shangazi mwenyewe anajua habari hizi na kama amekubali. Nikasema anajua na amekubali. (Hajui. Lakini nikimweleza atakubali. Shangazi hukubali kila kitu.) Akanipa neno lake, atanyamaza mpaka Jumamosi.

Mwalimu mkuu mzima, nimemweka mfukoni. Nimekula vizuri leo.

Jumatano, 12 Machi

Sijui niandikeje.

Shangazi alikuja mchana na mfuko. Ndani lilikuwemo gauni la filamu, lile la bluu. Limefuliwa, limepigwa pasi, kifungo kilichokuwa kinacheza amekikaza. Akasema ni mali ya studio, nilitunze. Nikamwuliza kulikoni. Akasema yale mambo yameisha. Leo amekwenda kikundini na amewaambia wenzake kwamba hakuna filamu. Kwamba mwanawe alikuwa anajaribu kamera mpya, na yeye kwa utu uzima wake hakuelewa, akadhani anaigiza. Kosa ni lake. Wakamwambia basi, yamepita. Mmoja akamletea maji ya kunywa.

Nikamwuliza kwa nini amesema uongo ule. Akasema maneno yalikuwa yameanza kunigeukia mimi. Wanasema mimi ni tapeli, nimemchezea mama wa watu. Yeye akichekwa haidhuru. Mimi natafuta kazi mjini humuhumu, jina likichafuka nani ataniita harusini kwake. Alisema hayo huku anafuta vumbi kwenye kompyuta yangu kwa kiganja. Halafu akauliza kama nimekula.

Nilitaka kumwambia yote. Daktari, sebule, kilio, makofi. Nikafungua mdomo. Nikamwambia nimekula.

Hakufika mbali, Katibu akaingia. Huyu hakukaa. Alinipa vidonge vyangu, na wateja wa mke wangu wakazima mashine ili wasikie. Alisema leo amekaa kwenye kiti, ameutazama mdomo wa Shangazi ukijiita mzushi, na yeye mwenye ukweli ameuma ulimi kwa sababu ya ahadi aliyonipa mimi. Alisema amefundisha watoto wa kila aina, watundu, wezi wa chaki, wachoma madaftari, na hakuna aliyewahi kumfanya ajione mchafu namna hii. Akaniuliza tena, taratibu, kama ni kweli Shangazi alikubali.

Nikaanza kuukunja mfuko wa gauni. Akasema ndivyo alivyodhani.

 Mke wangu amechukua gauni, amelitundika kwenye msumari mbele ya meza yangu, nikae nalo.

Alhamisi, 13 Machi

Nimeitoa Asia sadaka. Naandika kwa mwandiko mzuri ili vizazi vije visome. Kijana mmoja, mlangoni mwa sifa za dunia, aligeuka akarudi kwa ajili ya shangazi yake.

Nilimkuta jikoni. Nikamweleza kila kitu tangu faili mpaka Katibu. Nilitegemea anikaripie kidogo, ningejisikia nafuu. Hakunikaripia. Alishika neno moja tu, kwamba watu walilia. Akauliza nani. Nikamwambia mama mzazi wa daktari. Akauliza kwa sauti au machozi tu. Nikamwambia kwa sauti. Akauliza sehemu gani. Akanirudisha mwanzo, nikasimulia tena, nikasimulia tena. Daktari alipotoka nje alikaa sana huko? Huyo mjomba wa gari alinyamaza mwisho? Akaacha kumenya alichokuwa anamenya.

Halafu akasema, kumbe nilikufa vizuri.

Nikamwambia ndiyo, Shangazi. Ulikufa vizuri mno. Nilimwambia hivyo, na nikaona jinsi alivyoyaweka yale maneno moyoni, na nikajichukia kwa kukaa nayo muda wote huu. Yalikuwa maneno yasiyogharimu kitu.

Tumekubaliana Jumamosi, chumbani kwa kikundi, mbele ya wote. Kwa hiyo tamasha basi. Tatizo projekta. Mwenye projekta ni Droni peke yake. Nilimeza mate, nikaenda. Nilijiandaa kwa masimango. Akaitoa kabatini bila neno, akanipa na waya wa akiba. Nikamwuliza, kwa ajili ya kujua tu, yeye alituma nini Asia. Akasema hakutuma. Hana filamu. Siku ile aliposikia nina filamu alitaka tu na yeye aseme kitu. Akauliza kama anaweza kukaa mbele.

Nikamwambia akae nyuma. Hatuwezi kuzoeana kwa siku moja.

Jumamosi, 15 Machi

Shuka jeupe la Katibu ukutani. Mapazia yote yamefungwa, na aliyeyashona ni Shangazi. Cherehani zimesogezwa pembeni. Kikundi kizima, daktari na mkewe na nusu ya ukoo wao (wanairudia!), wateja wa mke wangu wakiwa na nywele nusu zimesukwa. Droni alikaa mbele.

Nilikaa kando ya projekta. Shangazi alikaa kati ya mke wangu na Katibu. Kabla sijawasha, Katibu alisimama. Hakutoa hotuba. Alisema hapa, mbele ya watu hawa, alimwita mwenzao mzushi, na Jumatano wakamwona mwenzao anajiita mzushi mwenyewe. Aliyekuwa na uongo siku zote mbili ni yeye Katibu. Akamwomba Shangazi radhi, akakaa.

Nikawasha.

Birika lilipogombezwa, watu wakacheka.  Sikuandika kichekesho. Nikatafuta mlango kwa macho. Wakacheka tena, na nikaona Shangazi naye anacheka, anajicheka mwenyewe ukutani, kamshika Katibu goti. Basi nikaacha kutafuta mlango. Baadaye kicheko kikaisha chenyewe, na chumba kikawa kimya, hata zile pumzi za watu nilikuwa nazisikia. Kwenye kufa sikuangalia ukuta. Nilimwangalia Shangazi. Alikuwa anajitazama anavyokufa, mikono mapajani, kama anamlinda mgonjwa.

Taa zikawashwa. Watu walipiga makofi wakiwa wamesimama, wengine wanafuta macho kwa vitambaa vya kushonea. Mama yake daktari alimkumbatia Shangazi, akamshikashika mabega kuhakikisha. Waliomcheka walipanga foleni kumpa mkono. Shangazi alinyooka. Sijamwona amenyooka hivyo tangu nikiwa mdogo, na magoti hakuyataja. Alipofika kwangu aliniinamia sikioni. Nilidhani atanishukuru. Akasema mguu wa kushoto ulicheza kidogo baada ya kufa, ila anadhani hakuna aliyeona.

Nimefurahi leo. Nasema wazi, sijawahi kufurahi hivi. Tulipokuwa tunakunja shuka, dirisha la Asia likafungwa. Nililifikiria kidogo tu.

Jumapili, 16 Machi

Mke wangu amesoma masharti ya tamasha.

Sikumtuma. Nilikuwa nimeacha ukurasa wazi, akakaa na chai yake, akasoma wote, mpaka chini. Hakuna mtu anayesoma mpaka chini. Akaniita. Akaniwekea kidole. Sharti la onyesho la kwanza duniani ni la filamu ndefu. Filamu fupi zinapokelewa hata kama zimeonyeshwa kokote. Kisanduku cha tiki kinajazwa na wenye filamu ndefu. Ningeweza kumwonyesha Shangazi siku ileile nilipomaliza. Ningeweza kuwaonyesha madaktari wa meno wote walioko duniani. Ningeweza kuituma hata jana, watu wakiwa bado wanapiga makofi.

Nikamwambia hiyo ni lugha ya kisheria, ina tafsiri nyingi. Akasema ina mstari mmoja. Akauliza kama mwakani nitatuma. Nikasema bila shaka. Akanitazama mpaka nikaangalia pembeni.

Siku nzima watu wamekuja kuomba nakala. Nimewagawia. Shangazi kapita mara mbili sokoni bila kuwa na cha kununua.

Jumatatu, 17 Machi

Nimelala na wazo, nimeamka nalo. Ni kubwa kuliko yote.

Ule mguu. Umecheza. Nimeutazama tangu asubuhi, mbele, nyuma, mbele, nyuma. Unacheza waziwazi. Majaji wa Asia hawawezi kukosa kuuona mguu ule. Kumbe kitu fulani ndani yangu kilikuwa kinajua, ndiyo maana mkono ulikataa kubonyeza. Ule haukuwa woga. Ulikuwa ujuzi.

Kwa hiyo tunapiga upya. Siyo kufa tu, filamu nzima, na nitairefusha. Ikirefuka inakuwa filamu ndefu, na ikiwa ndefu, sharti la onyesho la kwanza duniani linatuhusu. Nimelisoma tena, halina utata. Nimenunua kufuli la mlango wa studio. Mke wangu ameuliza la nini, nikamwambia asiulize.

Nimekwenda kumweleza Shangazi. Ameshukuru sana. Ameshachagua gauni. Jumamosi anakufa tena, na amesema safari hii hata kidole hakitacheza. Alikuwa na haraka, anawahi kwa Katibu kumpa habari. Nikamshika mkono, nikamkalisha. Nikamwambia mtu yeyote asijue.

Aliniangalia kidogo. Akauliza yeye ataiona lini.

Nikamwambia avute subira.